Kifo cha Okonkwo Hakikuja Ghafla

Kuna hukumu moja juu ya riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, ambayo imerudiwa sana mpaka imekuwa kama jambo lililokwisha kuamuliwa: kwamba mwisho wake ni wa ghafla. Nimeisikia kwa wanafunzi, nimeisikia kwa walimu wao, nimeisikia kwa watu wazima walioisoma riwaya hiyo kwa Kiingereza na kwa wengine walioisoma katika tafsiri ya Clement Ndulute, Shujaa Okonkwo, iliyotoka 1973. Wote hoja yao ni moja. Mwanamume aliyembwaga bingwa Amalinze katika mieleka, aliyerudi kutoka vitani na vichwa vitano vya maadui, aliyejaza ghala la viazi vikuu bila kurithi hata mbegu moja kwa baba yake, anawezaje kujinyonga? Mwandishi aliishiwa, wanasema. Alitaka kukifunga kitabu, akamtundika shujaa wake mtini.

Napinga hukumu hiyo neno kwa neno. Na nyuma yake kuna imani pana zaidi, ambayo ndiyo hasa ninayotaka kupambana nayo: imani kwamba raha ya hadithi ni kutojua. Kwa imani hii taharuki ni kumfunga msomaji macho, kumkokota, kisha kumfungua mwishoni ili ashangae. Mwandishi akidokeza mapema, anahesabiwa kuwa amemwaga uhondo. Akidokeza kwa siri, kiasi cha kumpita msomaji mwenye haraka, anaambiwa mwisho wake haukuandaliwa. Mwandishi wa tanzia hawezi kushinda kesi ya namna hiyo, kwa sababu kesi yenyewe imefunguliwa vibaya. Tanzia haifanyi kazi kwa mshangao. Inafanya kazi kwa kutujuza mapema jambo ambalo hatutaki litokee, halafu kutufanya tukae nalo.

Tuanze na Ikemefuna, kwa kuwa hapo hakuna mtu anayeweza kubisha. Sura ya kwanza haijaisha, hatujamwona mtoto huyu akifanya lolote, na tayari msimulizi ametuambia kwamba ni kijana mwenye mkosi, aliyetolewa na kijiji cha jirani kuwa fidia kwa Umuofia, kwao Okonkwo, ili damu isimwagike. Basi, tumejua. Kwa kipimo cha wapenda mshangao, Achebe amejimaliza ukurasa wa nane au wa tisa. Lakini tazama anachofanya baada ya hapo. Anampa mtoto huyo miaka mitatu nyumbani kwa Okonkwo. Anatuonyesha akichonga filimbi za mwanzi, akimfundisha Nwoye, mwana wa Okonkwo, majina ya ndege, akimwonyesha mti upi unatoa upinde imara na jinsi ya kutega panya wa msituni. Mtoto anaanza kumwita Okonkwo baba. Kila ukurasa wa furaha unatuuma, kwa sababu tunajua na yeye hajui. Kama tungefichwa, mauaji yake yangetushtua, na mshtuko huisha ukurasa ule ule. Huzuni iliyolimbikizwa sura baada ya sura haina pa kutokea haraka hivyo.

Na siku ya habari ya kifo chake inafika katikati ya sherehe. Nzige wametua Umuofia baada ya miaka mingi, watu wamewakusanya usiku, wamewaanika juani, wanawala kwa mafuta ya mawese. Okonkwo amekaa na watoto wake wawili, Nwoye na Ikemefuna, wanatafuna kwa furaha, pombe ya mnazi inanyweka. Hapo ndipo mzee Ezeudu anapoingia na kumwita Okonkwo pembeni. Anayedhani nzige wale ni pambo la mandhari tu asubiri mpaka sehemu ya pili ya kitabu, Obierika, rafiki wa Okonkwo, anapokuja Mbanta, kijiji cha uhamisho wa Okonkwo, kusimulia habari za kijiji cha Abame. Kule mzimu wa utabiri ulisema kwamba wazungu wengine wako njiani, na kwamba wao ni nzige. Neno lile lile. Msomaji hahitaji kuelezwa lolote. Mdomo wake bado unakumbuka nani alikuwa akila nzige, na nini kilifuata kabla hawajaisha.

Sasa njoo kwenye kamba yenyewe. Wanaosema kujinyonga kwa Okonkwo kumedondoka kutoka mbinguni wameruka sura ya tatu. Humo kuna habari za mwaka mbaya, Okonkwo akiwa kijana, alipoazima mbegu za viazi vikuu ili aanze kulima. Ukaja ukame, kisha mvua iliyopitiliza, na mavuno yakawa kama matanga. Mtu mmoja mwaka huo alifunga nguo yake kwenye tawi la mti akajinyonga. Hana jina, na Achebe hampi hata sentensi ya pili. Lakini Okonkwo, tunaambiwa, aliukumbuka mwaka ule kwa kutetemeka maisha yake yote, na akajiaminisha kwamba aliyeuvuka mwaka kama ule atavuka kila kitu. Sura ya tatu! Kitabu kina sura 25.

Uhamishoni Mbanta kamba inatajwa tena. Uchendu, mjomba wake, anamwona mpwa wake amevunjika moyo, anawakusanya wana wa ukoo na kumsema mbele yao. Anamwambia jinsi alivyozika watoto 22 na jinsi wake zake walivyokwisha mmoja mmoja, na kwamba yeye, pamoja na yote hayo, hakujinyonga. Mzee mwenye busara hatamki neno hilo bure mbele ya mtu mzima. Ameona kitu usoni mwa mpwa wake, na anakitaja ili kukiondoa. Sisi tunaosoma tumesikia kilichotajwa.

Mara ya tatu inakuja kwa mzaha, na kwangu hiyo ndiyo kali kuliko zote. Obierika amemletea rafiki yake pesa za viazi alivyomuuzia huko nyumbani. Okonkwo hajui atamshukuruje. Obierika anamwambia achinje mmoja wa wanawe. Haitoshi, anajibu Okonkwo. Basi ajiue mwenyewe, anasema Obierika, na Okonkwo anatabasamu, anaomba radhi kwa kuleta mambo ya shukrani kati ya marafiki. Wanacheka. Tunageuza ukurasa. Ila mtoto mmoja aliyemwita baba amekwisha kuuawa kwa mkono wake, na atakayemwongoza Mkuu wa Wilaya, mzungu, mpaka chini ya ule mti siku ya mwisho ni Obierika huyu huyu. Niambie sasa neno "ghafla" linakaa wapi.

Nataka kubaki kidogo kwenye sura ile ya tatu, maana ina kitu kizito zaidi ya kamba. Ni maneno ya Unoka, yule baba ambaye Okonkwo alimdharau maisha yake yote, mpiga filimbi na mdaiwa wa kila mtu. Katika mwaka ule mbaya Unoka, mgonjwa tayari, anamfariji mwanawe. Anamwambia kwamba moyo wa kiburi unaweza kustahimili kushindwa kunakowapata watu wote, kwa sababu hakuuchomi. Kigumu na kichungu ni mtu kushindwa peke yake. Okonkwo hakuyasikiliza. Kwake maneno ya baba yake yalikuwa kero. Lakini hiyo ni ramani kamili ya mwisho wa riwaya, imetolewa na mtu ambaye hakuna aliyemthamini. Sura ya 24 Okonkwo anamkata tarishi wa mahakama, anageuka kuona kama Umuofia itasimama, na Umuofia haisimami. Matarishi wengine wanaachwa wakimbie. Anasikia watu wakiulizana kwa nini amefanya vile. Anafuta panga lake kwenye mchanga, anaondoka. Ameshindwa peke yake. Ukame ulimpata pamoja na watu wote akauvuka. Huu wa pili ni wake yeye tu.

Tena Unoka alikufa vipi? Alivimba tumbo na miguu, ugonjwa uliokuwa chukizo kwa mungu wa kike wa ardhi, akapelekwa Msitu Mwovu akafie huko juu ya ardhi, bila kaburi. Alichukua filimbi yake. Okonkwo alijenga maisha yake yote ili asifanane na mtu yule hata kidogo: alichukia upole kwa sababu baba yake alikuwa mpole, alichukia uvivu kwa sababu baba yake alikuwa mvivu. Na anayejinyonga, kwa mila ya Umuofia, amekosea ardhi. Watu wa ukoo wake hawaruhusiwi kumgusa, lazima wageni wamzike. Mtoto amefika mlangoni pa baba yake kwa njia ya kumkimbia. Achebe aliliweka jambo hili mwanzoni, wazi kabisa, tena kwa sauti ya kawaida. Ndiyo maana linampita msomaji anayengoja kushangazwa. Na ndiyo maana linamrudia usiku baada ya kumaliza kitabu.

Hayo ni madokezo. Kuna pia kile ninachokosa subira nacho kinapopuuzwa, yaani hali ya hadithi: hewa ya kurasa, mwanga wake, kasi yake, kelele na ukimya wake. Walimu wengi hukitaja kwa neno "toni", wakaandika pembeni "huzuni", wakaendelea. Lakini hali haielezeki kwa neno moja, kwa sababu inajengwa kwa kulinganisha mahali na mahali.

Chukua usiku wa sura ya pili. Okonkwo amezima taa ya mawese, amejinyoosha kwenye kitanda chake cha mianzi, anasikia ogene, kengele ya chuma ya mpiga mbiu. Watu wote wakutane sokoni kesho asubuhi. Katika sauti ile Okonkwo anatambua kuna msiba. Msimulizi anaweka hapo maelezo yanayoonekana ya kupitisha muda: kwamba usiku wa giza Umuofia huwa kimya na wa kutisha, lakini usiku wa mbalamwezi ungekuwa mwingine kabisa, sauti za watoto wakicheza uwanjani zingesikika. Kesho yake wanaume elfu kumi wanajaa sokoni, msemaji anawaamsha kwa wito, wanaitika kwa mngurumo mmoja, na uamuzi unapatikana.

Sasa fungua sura ya 23. Wakuu sita wa Umuofia wametiwa ndani kwa hila ya Mkuu wa Wilaya. Faini ni mifuko 200 ya kauri, matarishi wameongeza 50 ya kwao. Ni wakati wa mwezi mpevu. Na watoto hawasikiki. Uwanja wa michezo ni mtupu, wanawake hawajakutana kujifunza ngoma mpya, vijana hawajatoka kwenda kwa wapenzi wao. Hakuna aliyekufa bado. Hakuna sentensi inayosema kwamba Umuofia imekwisha. Lakini msomaji aliyeambiwa mwanzoni mwezi ukiwaka huwa kuna nini, anaposoma usiku huu wa mwezi bila watoto, mwili wake unajua kabla ya akili yake. Sura inayofuata, ogene inalia tena usiku, Okonkwo amelala tena kwenye kitanda cha mianzi akiwaza kisasi, na asubuhi mkutano ni sokoni tena. Kila kitu kimerudi mahali pake isipokuwa ule mngurumo wa watu kuitika kwa sauti moja na kuamua kitu kimoja.

Kasi nayo. Sehemu ya kwanza ina sura 13, pana, zenye mahari, mavuno, mieleka, hukumu za mizimu ya egwugwu, hadithi za kobe. Sehemu mbili zilizobaki zina sura sita sita tu, na tunapokaribia mwisho sherehe zinapungua, wake wa Okonkwo wananyamaza, hadithi za watoto zinatoweka. Hewa inabanwa. Mtu anayesema mwisho umeharakishwa amehisi jambo la kweli, ila amelipa jina lisilo lake. Ulimwengu wa Okonkwo ndio uliopungua nafasi, mwandishi hakuchoka.

Kwetu mwambao jambo hili halikupaswa hata kuwa na ubishi. Nani aliyewahi kumsikiliza mzee akisimulia habari za Fumo Liongo kwa sababu hajui Liongo atakufaje? Kila mtu anajua: sindano ya shaba, kitovuni, kwa mkono wa mwanawe mwenyewe. Na watu wanasogeza mikeka. Wanataka kumsikia Liongo akimweleza mwanawe siri ya kumuua. Wanataka kumwona amepiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wa mji wakiogopa kuteka maji siku nyingi wakidhani yu hai. Taharuki ipo, na ni kubwa, lakini haitokani na kutojua. Inatokana na kutazama mtu akitembea kuelekea mahali ambapo wewe umekwisha kupaona. Gabriel García Márquez aliandika riwaya nzima ya namna hiyo mwaka 1981, ambamo kifo kinatangazwa tangu sentensi ya kwanza na mji mzima unakijua isipokuwa, kwa muda mrefu, anayekufa. Sijaona mtu aliyeiweka chini kwa kuwa ameujua mwisho.

Kuna pingamizi moja ninalolichukua kwa uzito. Wapo wanaosema: ikiwa kila kitu kimedokezwa, basi Okonkwo ni kikaragosi. Amepangiwa. Chi yake, mungu wake binafsi, imemkataa, na tanzia inageuka kuwa ratiba. Hili lingekuwa kweli kama madokezo ya Achebe yangekuwa utabiri. Yatazame vizuri: karibu yote ni maonyo. Ezeudu hakumtabiria Okonkwo kitu. Alimwambia asiutie mkono wake katika kifo cha mtoto anayemwita baba. Angeweza kubaki nyumbani. Obierika alibaki, hakuna aliyemwita mwoga kwa maana yoyote ya kudumu, na baadaye akamwambia rafiki yake waziwazi kwamba jambo lile haliifurahishi ardhi. Unoka alimpa ushauri. Uchendu alimpa mfano wa maisha yake mwenyewe. Kila dokezo lilikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Okonkwo aliona milango hiyo, akaipita bila kuingia, kwa sababu kuingia kungefanana na udhaifu, na udhaifu ulikuwa na sura ya baba yake. Alikuwa huru mara nyingi kuliko wengi wetu. Uhuru huo ndio unaotuumiza, na tusingeuona kama mwandishi angetuficha njia alizokataa.

Nakubali kwamba kuna madokezo mabaya. Riwaya zetu zimejaa bundi wanaolia juu ya paa usiku wa kuamkia msiba, radi zinazopiga mhusika anapofumaniwa, ndoto za maji meusi. Bundi wa namna hiyo hajaandaa chochote. Ametangaza tu, na angeweza kulia katika kitabu kingine chochote. Dokezo la kweli haliwezi kuhamishwa. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, 1971, Zakaria anampiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, Charles, na hilo linatokea mapema kabisa. Charles yule yule ndiye anayemkataa mwishoni kwa kumkuta si bikira, na Rosa anajiua. Ulinzi wa kikatili uliomfungia msichana ndio uliomharibu, na waliodai ubikira wake hawakuwahi kumfundisha kitu. Kezilahabi naye ameambiwa anapenda kuwaua wahusika wake. Fimbo ya Zakaria ilikuwa pale tangu mwanzo. Wasomaji waliiona kuwa malezi.

Hapo ndipo ukali wangu unapotoka. Anayeuita mwisho kama huu wa ghafla anajisamehe. Hakuona maonyo kwa sababu aliyaona kuwa ya kawaida: baba kumpiga binti, mume kumfyatulia mkewe risasi ikamkosa, mwanamume kumuua mtoto ili asionekane dhaifu. Bunduki iliyomkosa Ekwefi, mkewe, katika sura ya tano ilishikwa na mkono ule ule ambao, katika mazishi ya Ezeudu, bunduki yake inapasuka na kumuua kijana wa miaka 16, na Okonkwo anahamishwa miaka saba. Panga lililomwangukia Ikemefuna linarudi shingoni mwa tarishi. Mtu anayecheka bunduki inapokosa atashangaa inapopata.

Na ni kwa ajili ya maandalizi hayo Achebe anaweza kuandika sura ya mwisho kwa ubaridi anaouandika. Okonkwo haonekani akifa. Mkuu wa Wilaya anafika na askari, Obierika anawapeleka nyuma ya boma, wakizunguka ukuta wenye tundu dogo ambalo kuku hulitumia kuingia na kutoka. Obierika anamgeukia mzungu, anasema maneno machache, sauti inamkwama. Kisha tunaachwa ndani ya kichwa cha Mkuu wa Wilaya, anayefikiria kitabu chake na kujiuliza kama mtu huyu anatosha sura nzima au aya moja. Riwaya ambayo haikuwaandaa wasomaji isingethubutu kuwaacha mikononi mwa mtu kama huyo. Ingebidi ilie kwa niaba yetu, imsifu marehemu, ieleze. Achebe hakuhitaji, maana sisi tumekuwa ndani ya boma lile tangu mwanzo, na tunajua vitu ambavyo aya ile haitakuwa navyo.

Kwa hiyo ningependa maswali ya mtihani yabadilike. Mwanafunzi anaambiwa ataje mifano mitano ya utabiri katika riwaya, na anaitaja, kila mmoja na ukurasa wake, anapata alama zake, hajaguswa na chochote. Aulizwe hivi badala yake: kati ya maonyo yote aliyopewa Okonkwo, ni lipi angeweza kulitii na bado akabaki Okonkwo? Apewe ukurasa mzima wa kujibu, na asiadhibiwe akisema halipo.